Butura Mbele ya Mtakatifu Tomaso

Mhadhara kwa walimu, makatekista na wanachama wa vyama vya msingi vya kahawa, Bugomora, Wilaya ya Kyerwa



Nimeombwa nizungumzie imani, akili na maadili katika mapokeo ya Kanisa Katoliki. Mada ni pana, na wasemaji wake aghalabu huanzia mbali: Athene, Paris, Roma. Huchukua mfano wa mabawa mawili ambao Papa Yohane Paulo II aliuweka mwanzoni mwa waraka wake Fides et Ratio, wa Septemba 1998, wakaruka nao mpaka wasikilizaji wakasinzia. Mimi naanzia shambani. Nachukua jambo moja ambalo kila aliyeketi hapa ama amelifanya, ama amefanyiwa, ama amelinyamazia, nalifikisha mbele ya mwanateolojia aliyefariki mwaka 1274, tusikie hukumu yake. Jambo lenyewe ni butura.

Nyinyi mnaijua. Lakini maneno haya yatachapwa, na huenda yakasomwa Dar es Salaam au Nairobi, kwa hiyo nieleze. Butura ni kununua kahawa ingali mtini. Mkulima ana shida ya fedha, mavuno yako mbali, na mwenye fedha anakuja kumpa kidogo leo ili aje achukue kahawa msimu ukifika. Januari ndiyo mwezi wake hasa. Mtoto anatakiwa shule: sare, viatu, madaftari, michango, na ada kama yuko shule ya binafsi au seminari. Au ndani kuna mgonjwa. Au kuna msiba, na msiba haungoji mavuno. Mnunuzi anaingia kibanjani, anapita katikati ya migomba, anapinda tawi la mbuni na kuchungulia maua na punje changa, anahesabu mashina midomo ikicheza bila sauti. Hesabu anayoitegemea zaidi, hata hivyo, ni ya siku zilizobaki kabla shule hazijafunguliwa. Daftari linatoka mfukoni. Jina linaandikwa, dole gumba linawekwa, noti zinahesabiwa mara mbili. Mama mwenye nyumba, ambaye ndiye atakayeichuma kahawa hiyo, kuianika na kuigeuza juani, hakuitwa.

Tuweke hesabu ya mfano. Tuseme amepewa shilingi 100,000 kwa gunia moja la kahawa ya maganda, na msimu unapofunguliwa, miezi mitano baadaye, gunia lile linauzwa shilingi 400,000. Benki ikitutoza asilimia 20 kwa mwaka tunalalamika kwamba inatunyonya. Huyu amejipatia faida ya asilimia 300 kabla mwaka haujafika nusu, na anatuaga kwa heri, tena tunamshukuru.

Viongozi wa mkoa na wa wilaya wamekuwa wakiipiga marufuku butura, msimu kwa msimu, na butura ipo. Sishangai. Katazo halimwingii mtu ambaye moyoni haoni kosa liko wapi, na ukimwuliza mnunuzi wa butura kosa lake, atakujibu kwa hoja. Tumsikilize, maana hoja zake si za kipuuzi.

Atasema kwanza kwamba hakumlazimisha mtu. Mkulima ndiye aliyemfuata nyumbani, tena usiku, akamsihi. Atasema amebeba hatari: jua linaweza kuwaka, bei inaweza kuporomoka, na mnyauko fuzari, ugonjwa uliotumalizia mibuni ya robusta hapa Kagera tangu miaka ya 1990, unaweza kulipitia shamba lote. Kisha atatoa ile hoja inayouma: bila yeye yule mtoto angebaki nyumbani. Mheshimiwa hakuja na fedha, padri hakuja na fedha, chama cha msingi kilikuwa kimefunga ofisi. Yeye alikuja.

Nimeanza na hoja za mtetezi kwa makusudi. Ndivyo alivyofanya Tomaso wa Akwino. Mtawa huyu Mdominiko, aliyezaliwa Italia karibu na mwaka 1225 na kufundisha Paris, aliandika Summa Theologiae yake kwa utaratibu ambao ningependa kila katekista aujue. Anauliza swali. Halafu, kabla hajatoa fundisho, anapanga hoja zote nzito alizozipata za upande asiokubaliana nao, na anazipanga vizuri kuliko wenyewe wanavyoweza. Ndipo anapojibu, na mwisho anazirudia zile hoja moja baada ya nyingine. Hata juu ya swali la kama Mungu yupo, anaanza na sababu za anayesema hayupo. Mtu mwenye imani ya kuogopa maswali hawezi kuandika kitabu cha namna hiyo. Nalisema hili kwa sababu ziko parokia ambamo kijana akiuliza "kwa nini" katika mafundisho ya kipaimara anaonekana ameanza kupotea. Kwa kipimo hicho, Tomaso asingepewa kipaimara.

Tena mwalimu wake mkubwa wa falsafa alikuwa Aristotle, mpagani, ambaye maandishi yake yalisomwa Paris kwa msaada mkubwa wa maelezo ya wanazuoni wa Kiislamu, Ibn Sina na Ibn Rushd. Wakubwa wengine wa Kanisa hawakufurahi. Mwaka 1277, miaka mitatu baada ya Tomaso kufariki, Askofu Tempier wa Paris alilaani hoja 219, na baadhi yake zilimgusa Tomaso mwenyewe. Ilipofika 1323 alitangazwa mtakatifu. Kanisa lilichelewa kidogo kumwelewa. Si mara ya kwanza wala ya mwisho.

Sasa tuingie kwenye kesi. Katika sehemu ya Summa inayohusu haki, swali la 77 linazungumzia udanganyifu katika kuuza na kununua, na la 78 linazungumzia riba. Ndani ya swali la 78, katika kifungu cha pili, jibu la hoja ya saba, Tomaso anafika Bugomora. Anasema hivi, kwa maneno yangu: mnunuzi anayetaka kununua kitu chini ya bei ya haki, kwa sababu tu analipa kabla ya mwenye kitu kuweza kumkabidhi, anatenda dhambi ya riba. Punguzo lile ndiyo riba yenyewe, imevaa nguo ya biashara. Hakuwa amewahi kuona mbuni. Aliwaona wafanyabiashara na wakulima wa Italia na Ufaransa wa karne ya 13, na aliyoyaona yalitosha.

Kinachonivutia zaidi ni sentensi inayofuata. Kama ni muuzaji ndiye anayekubali kushusha bei ya haki ili apate fedha zake mapema, huyo hana dhambi ya riba. Na katika kifungu cha nne anauliza kama ni halali kukopa kwa mtoza riba, akajibu kwamba mwenye shida anayekopa ili ajinusuru au amnusuru mwingine, kwa mtu ambaye tayari kazi yake ni hiyo, hatendi kosa. Mzigo wote unabaki upande mmoja. Naomba wahubiri walisikie hili vizuri, kwa kuwa nimesikia mahubiri ya Kwaresima yanayomkaripia mkulima kwa kuuza butura: mvivu, mlevi, hana mpango. Walevi wapo, sikatai. Lakini mtakatifu mwenye akili kuliko sisi wote alimtazama mtu aliyebanwa na shida na yule aliyembana, akamwita mmoja tu mdhambi.

Na zile hoja za mnunuzi je? Tuzirudie kama Tomaso anavyozirudia.

Hatari kweli inahesabika. Tomaso anakubali kwamba anayeweka fedha zake kwa mfanyabiashara kwa ushirika, hasara ikiwa yake pia, anaweza kudai sehemu ya faida. Anakubali vilevile kwamba mkopeshaji aliyepata hasara halisi kwa kukopesha anaweza kukubaliana na mkopaji afidiwe. Kwa hiyo si kila fedha ya kabla ya mavuno ni dhuluma. Swali la kumwuliza mnunuzi ni jepesi: kahawa isipozaa, nani analala njaa? Kama daftari limeandikwa magunia, na deni linahamia msimu ujao likiwa zima au likiwa limeongezeka, basi hukubeba hatari yoyote, na usiitaje tena. Kama mmekubaliana kugawana hasara, tuzungumze bei, na bei hiyo haitakuwa robo ya thamani.

Hoja ya hiari ina uzito mkubwa zaidi siku hizi, kwa sababu dunia ya leo imezoea kuamini kwamba watu wazima wawili wakikubaliana, haki imetendeka. Papa Leo XIII aliijibu mwaka 1891 katika Rerum Novarum, akizungumzia mshahara: mfanyakazi anayekubali masharti magumu kwa sababu ya shida, au kwa kuogopa baya zaidi, ametendewa kwa nguvu, hata kama ametia sahihi. Paulo VI aliivusha hoja hiyo mwaka 1967, katika Populorum Progressio, akaitumia kwa biashara kati ya nchi tajiri, tunakouzia kahawa yetu, na nchi maskini: bei iliyopangwa kwa uhuru wa soko inaweza kuwa ya dhuluma pale wanaopatana wakiwa hawalingani nguvu. Waraka huo ulitoka Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha la Februari 5. Hatuna haja ya kusema nani alimwiga nani. Mwalimu Nyerere na Baba Mtakatifu walikuwa wakisoma dunia ileile. Tunapolalamika kwamba wanunuzi wa Ulaya wanatupangia bei, na jioni tunampangia jirani bei ya butura, tunatumia mizani mbili.

Sasa mtaniuliza: imani iko wapi katika haya? Mpaka hapa nimezungumza habari za bei, hatari na hiari, na mtu asiyebatizwa angeweza kunifuata hatua kwa hatua. Hasa ndivyo. Katika mapokeo ya Kikatoliki, maadili hayakuanza na Biblia kufunguliwa. Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano, mwaka 1870, ulifundisha kwamba imani na akili haziwezi kupingana kikweli, kwa kuwa chanzo chake ni Mungu mmoja. Kwa hiyo Mkatoliki wa Bugomora akitaka kuipinga butura hana sababu ya kungoja majirani zake wote wawe Wakatoliki. Walutheri wa Dayosisi ya Karagwe wataifuata hoja hii. Waislamu wana njia yao iliyofika hapohapo, na kwa ufundi kuliko sisi: mafakihi wao, wakiitegemea hadithi ya Mtume inayokataza kuuza matunda kabla hayajaonyesha kuiva, hawakubali kuuza zao la mti fulani likiwa ua. Papo hapo wanaruhusu mauzo yaitwayo salamu, ambamo mkulima analipwa fedha zote kabla, mradi kipimo, ubora na tarehe vijulikane na zao lisifungwe kwenye mti mmoja. Walijua mkulima anahitaji fedha kabla ya mavuno, wakatafuta mlango usio na mtego. Huo ni utumiaji wa akili, na unastahili kusomwa katika seminari zetu.

Niseme pia kwamba sikubaliani na Tomaso kila mahali. Aliamini, kama Aristotle, kwamba fedha kwa asili yake haizai, na kwa hiyo kutoza malipo kwa matumizi tu ya fedha iliyokopeshwa ni dhuluma. Katika uchumi ambao mkopo unanunua mashine ya kukoboa, hoja hiyo haisimami vizuri, na Kanisa lenyewe, kati ya waraka wa Benedikto XIV wa 1745 na siku zetu, lilijifunza kutofautisha riba ya unyonyaji na malipo ya kawaida ya mkopo. Inayosimama ni ile nyingine ya swali la 77: faida inayotokana na shida ya mwenzako si mali yako, na huwezi kuuza kisicho chako. Shida ya yule mama ni ya yule mama. Mnunuzi akiilipisha, anauza kitu alichokikuta kwa mwenzake.

Hapo ndipo imani inapoingia. Akili inaweza kunionyesha kwamba bei si ya haki. Haiwezi peke yake kunifanya nikose shilingi 300,000 ambazo hakuna hakimu angenidai. Imani inaniambia yule ni nani: ndugu ambaye Kristo amejifanya mmoja naye, na ambaye siku ya mwisho nitaulizwa habari zake. Charles Nyamiti, padri wa Tabora, aliyefundisha Nairobi miaka mingi, alimweleza Kristo kuwa mhenga wetu. Akiwa mhenga, basi mimi na mkulima wa butura tuna ukoo mmoja, na ukoo hautozani riba. Laurenti Magesa wa Musoma, katika kitabu chake cha 1997 juu ya maadili ya dini ya Kiafrika, alionyesha kwamba kwa wazee wetu baya ni kile kinachopunguza uhai wa watu. Butura inapunguza uhai kwa maana ya kawaida kabisa: chakula, dawa, mwaka wa shule.

Na kahawa, ndugu zangu, ilikuwa na kazi nyingine katika nchi hizi kabla ya kuwa bidhaa ya mnada. Buhaya na kwa majirani zake, mgeni alikaribishwa kwa kahawa ya kutafuna. Watu wawili wakitaka kuchanjiana udugu, omukago, waligawana punje mbili za tunda moja la kahawa, kila mmoja akaimeza punje yenye damu ya mwenzake. Tangu hapo kumdhulumu ilikuwa balaa juu ya nyumba yako. Sihubiri turudi kwenye kuchanjana. Nasema tu kwamba zao lililofunga udugu ndilo leo linafunga madeni, na wazee waliokuwa hawajasikia jina la Akwino wangeiona aibu hiyo upesi kuliko sisi.

Yupo mwanateolojia mmoja ninayemhitaji bado, Bénézet Bujo, padri kutoka Ituri, Kongo, aliyefundisha maadili Fribourg, Uswisi. Bujo aliheshimu mapokeo ya sheria ya asili, lakini aliona yana kasoro: yanamweka mtu mmoja chumbani na akili yake, kana kwamba jema linapatikana kwa kufikiri peke yako. Afrika, alisema, jema hutafutwa barazani, kwa watu kusemezana mpaka kila aliyeguswa awe amesikilizwa, hata wahenga na watoto ambao hawajazaliwa. Ukiipima butura kwa kipimo cha Bujo, tazama inavyofanyika: usiku, watu wawili, daftari la mfukoni. Mke hayupo. Watoto wakubwa hawapo. Jirani hajui. Mkataba ungekuwa wa haki usingeogopa baraza. Nadhani hapa Bujo anamzidi Tomaso, kwa sababu Tomaso anakupa hukumu baada ya tendo, na Bujo anakupa mahali pa kulizuia.

Mahali hapo tunapo tayari. Maaskofu wa Afrika Mashariki kupitia AMECEA waliweka Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele chao cha kichungaji mwaka 1976. Jimbo letu la Kayanga, lililomegwa kutoka Rulenge mwaka 2008, limejaa jumuiya hizo. Tunasali rozari humo, tunachangia harusi na misiba. Hatuzungumzi butura, ingawa mnunuzi na muuzaji mara nyingi wamekaa benchi moja.

Kanisa la zamani halikuishia kwenye mahubiri. Mwaka 1179 Mtaguso wa Tatu wa Laterani uliagiza watoza riba wanaojulikana wasipewe Komunyo, wasizikwe Kikristo wakifa katika dhambi hiyo, na sadaka zao zisipokelewe. Hilo la sadaka ndilo ningependa maparoko walitafakari wakati wa michango ya mavuno na ya ujenzi, pale jina la mnunuzi mkubwa linaposomwa kanisani kwa makofi. Lakini laana bila mkopo haimsaidii mkulima. Wafransisko waliling'amua hilo: mwaka 1462, mjini Perugia, walifungua mfuko wa kukopesha maskini kwa rehani na tozo ndogo ya kuendeshea ofisi. Wanateolojia waligombana kwa miaka hamsini kama tozo ile ni riba, mpaka Mtaguso wa Tano wa Laterani ukaihalalisha mwaka 1515. SACCOS zetu ni wajukuu wa ugomvi huo.

Kwa hiyo naomba haya. Kila jumuiya ifungue mfuko wa Januari wakati wa mavuno, fedha zikiwa mkononi, ili mwezi wa ada usimkute mtu peke yake. Vyama vya msingi viwape wanachama malipo ya awali kwa masharti yanayosomwa hadharani, mume na mke wakiwapo wote wawili. Maparoko waiulize butura katika kitubio kama wanavyouliza uzinzi. Na wewe uliyenunua butura mwaka huu, ukiwa umekaa humu ndani: Tomaso anafundisha kwamba faida ya riba haisamehewi kwa sala tu, hurudishwa kwa mwenyewe. Kahawa ikishauzwa, toa fedha uliyompa, toa gharama zako za kweli, na tofauti iliyobaki mpelekee mkulima nyumbani kwake, mkewe akiona.